Kibarua Asiye na Barua: Masomo ya Juu ya Sheria ya Kazi na Wajibu Wetu Mkoani Simiyu

(Mazungumzo kwa viongozi wa walei, Bariadi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo, likisikika kwa mara ya kwanza, laonekana kuwa mbali sana na maisha yetu: masomo ya shahada ya uzamivu katika sheria linganishi ya kazi, yaani utafiti wa kina wa namna nchi mbalimbali zinavyotawala kazi na ujira. Kijana akitaka kusomea uganga, jumuiya huelewa na kuchanga. Akitaka ualimu, tunaelewa. Lakini kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ya sheria, akaongeza ya uzamili, anapotuambia kwamba anahitaji miaka mingine 3 au zaidi ya kusoma na kuandika juu ya jambo hili, wazazi huguna na viongozi hutazamana. Swali lililo moyoni mwa wengi ni hili: masomo hayo yatamfaa nini mtu anayepalilia pamba Itilima, au anayechunga ng'ombe za mwenzake Meatu?

Swali hilo ni halali, na hatuna budi kulijibu bila kulikwepa. Jibu letu ni kwamba watu hao ndio hasa ambao sheria ya kazi imeshindwa kuwaona vizuri. Ili sheria iwaone, lazima awepo mtu wa kukaa chini, kwa uvumilivu wa miaka, aonyeshe mahali sheria inapowapita na mahali ambapo watu wengine duniani wameziba pengo la namna hiyo. Kazi hiyo haifanyiki kwa hotuba. Inafanyika kwa utafiti. Nao utafiti huo hauwezi kusimama bila sisi.

1. MANENO MATATU YANAYOTUFUNDISHA HISTORIA

Lugha yetu yenyewe imehifadhi historia ya kazi ya ujira. Tuchukue maneno matatu tu.

La kwanza ni kibarua. Neno hili ni barua ndogo. Mtu aliyefanya kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya, naye alikirudisha alipolipwa. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu.

La pili ni kipande. Katika wakati wa ukoloni mfanyakazi alipewa kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku aliyofanya kazi iliwekwa alama, na mshahara ulimngoja hadi alama zote 30 zitimie.

La tatu ni manamba. Hawa ni watu walioandikishwa kwa mkataba na kupelekwa mbali na kwao, hasa kwenye mashamba ya katani ya Tanga. Waliitwa kwa namba. Babu zetu Wasukuma, pamoja na jirani zao Wanyamwezi, walikuwa miongoni mwao.

Tuyatazame maneno hayo kwa makini. Katika yote matatu mtu amemezwa na karatasi au tarakimu. Hata hivyo, kikaratasi kile cha kwanza kilikuwa na faida moja: kilikuwa ushahidi. Aliyekishika mkononi aliweza kusema, "Nimefanya kazi, nilipwe." Leo, katika mashamba yetu mengi, kibarua ni yule ambaye hana barua yoyote. Jina limebaki, ushahidi umeondoka.

2. KULINGANISHA NI KUFANYA NINI?

Wengine wanadhani kwamba kulinganisha sheria ni kusoma sheria za Ulaya na kuzisifia. Sivyo. Kulinganisha ni kuuliza kwa nini mtu mmoja alindwe na mwingine asilindwe, ilhali kazi ni ileile na jasho ni lilelile.

Mfano wa kwanza unatoka katika historia. Nchini Uingereza, mfanyakazi aliyevunja mkataba kwa kuacha kazi aliweza kufungwa jela kama mhalifu. Bunge lao liliondoa adhabu hiyo mwaka 1875, na tangu hapo kuvunja mkataba wa kazi kukawa shauri la madai kati ya watu wawili. Lakini mwaka 1923, miaka 48 baadaye, serikali ya Waingereza hao hao katika Tanganyika ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji, na katika sheria hiyo Mwafrika aliyetoroka kazi alikuwa mkosaji wa jinai. Kilichokuwa kimeonekana kuwa aibu kwao kiliwekwa kuwa sheria kwetu. Anayesoma sheria ya Tanganyika peke yake ataona kifungu cha adhabu tu. Anayelinganisha ataona ubaguzi.

Mfano wa pili ni wa wakati wetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, pamoja na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huo huo, zina undugu mkubwa na sheria za Afrika Kusini zilizotungwa baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, hasa ile ya 1995. Tume yetu ya Usuluhishi na Uamuzi inafanana sana na tume ya wenzetu hao. Kwa hiyo wakili au mwamuzi wa Tanzania anayetaka kuelewa maana ya kifungu fulani mara nyingi hulazimika kutazama kilikotoka. Lakini Afrika Kusini ni nchi ya migodi, viwanda na mashamba makubwa. Simiyu ni mkoa wa wakulima wadogo na wafugaji, wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa Sensa ya 2022. Nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mwingine haina budi kupimwa upya. Upimaji huo ndio kazi ya mtafiti.

3. MAHALI SHERIA INAPOMPITA MTU WA SIMIYU

Tuseme kwanza mema. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kimeweka jambo la busara. Mtu anayemfanyia kazi mwenzake anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa lipo. Miongoni mwa hayo ni kwamba namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na yule anayefanyiwa kazi. Au kwamba anapewa vifaa vya kazi. Au kwamba maisha yake yanategemea kipato cha hapo. Au kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Afrika Kusini wameweka saa 40. Sisi tumeweka 45. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mama anayepewa jembe na kuambiwa aanze saa 12 asubuhi na kumaliza saa 8 mchana hawezi kukanwa kirahisi kwamba "huyu alikuja kunisaidia tu."

Aidha, Sheria ya Ajira ya 2004 inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kutoa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye, wala si mfanyakazi.

Lakini hapo ndipo pengo linapoanza. Kifungu hicho cha maandishi hakimhusu mtu anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Hali kadhalika, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, kama ilivyowekwa 2004, haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo.

Sasa tuitazame kalenda ya pamba yetu. Inapandwa kuanzia Novemba, inapaliliwa mwanzoni mwa mwaka, inachumwa kuanzia Mei, kisha vinu vya kuchambulia vinanguruma kwa msimu na kunyamaza. Tumfikirie mtu anayepalilia mashamba ya watu 5 kwa mwezi mmoja, siku 5 kwa kila shamba. Amefanya kazi siku 25. Mgongo wake unajua hivyo. Lakini kwa kila mmoja wa wale 5 amefanya siku 5 tu, na kila mmoja wao anaweza kusema kwamba hakuwajibika kumwandikia chochote. Amefanya kazi mwezi mzima, na kwa upande wa maandishi ni kama hakufanya kazi popote.

Je, majirani zetu wamefanya nini? Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotazamiwa kumalizika ndani ya miezi 3, ahesabiwe kuwa na mkataba wa kudumu zaidi. Sheria hiyo pia ilitaka mfanyakazi awe ametimiza miezi 13 kabla ya kulalamikia kuachishwa isivyo haki; mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Kenya iliona kwamba sharti hilo linapingana na katiba. Hayo ni mafundisho makubwa kwetu. Hata hivyo, tuseme kweli: kanuni ya Kenya nayo inahesabu siku kwa mwajiri mmoja. Mpaliliaji wetu wa mashamba 5 angebaki nje huko pia.

Twende mbali zaidi basi, hadi India. Katika jimbo la Maharashtra, lenye mji wa Mumbai, wapo wapagazi wa sokoni na bandarini. Kwao huitwa hamal, neno lilelile la mahamali wetu. Kwa siku moja hamali hubebea wafanyabiashara wengi, na hakuna hata mmoja anayekubali kuwa mwajiri wake. Mwaka 1969 jimbo hilo lilitunga sheria iliyounda bodi zenye wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi. Hamali huandikishwa katika bodi, na mfanyabiashara pia huandikishwa. Ujira hupitia katika bodi pamoja na nyongeza kwa ajili ya akiba ya uzeeni na mafao mengine. Kwa njia hiyo kazi ndogondogo za waajiri wengi hukusanywa mahali pamoja na kuwa kazi moja inayotambulika. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, tuichukue sheria hiyo kama ilivyo na kuileta Bariadi? La. Mfanyabiashara wa Mumbai si mkulima wa Lagangabilili. Hapa kwetu anayeajiri kibarua mara nyingi ni mkulima mwenye ekari chache, ambaye naye hajalipwa pamba yake, na ambaye msimu ukiharibika atakwenda kupalilia shamba la jirani. Mwajiri na mwajiriwa huketi benchi moja kanisani, na mwakani wanaweza kubadilishana nafasi. Zaidi ya hayo, tunayo mila yetu ya kulima kwa pamoja, ambapo vijana wa kijiji waliitwa shambani chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Hans Cory aliziandika sheria na mila za Wasukuma katika kitabu kilichotoka 1953. Mtafiti wa kweli atalinganisha pia mila hiyo na sheria iliyoandikwa, na atauliza ni wapi msaada wa ujirani unaishia na ni wapi kazi ya ujira inaanzia. Maana wapo wanaojificha nyuma ya neno "kusaidiana" ili wasilipe.

Kwa hiyo swali la uzamivu liko hapa, mlangoni petu: mtu mwenye waajiri wengi wadogo, katika kilimo cha msimu, alindwe namna gani bila kumwangamiza mkulima maskini aliyemwajiri? Sisi hatuna jibu lililokamilika. Ndiyo maana tunahitaji watu wa kulitafuta.

4. SAFARI YA MTAFITI

Inafaa tujue safari yenyewe ilivyo, ili tusimhukumu bure yule anayeifunga.

Masomo ya uzamivu hayafanani na shule. Mtafiti huanza kwa kuandika pendekezo la utafiti, na linaweza kurudishwa mara nyingi. Hupewa msimamizi. Husoma sheria, hukumu na maandishi ya waliomtangulia. Kisha hutafuta kibali, na barua yake hushuka kutoka mkoani hadi wilayani, na kutoka wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Hukaa na watu na kuwahoji. Mwishowe huandika tasnifu, na huitetea mbele ya jopo la wataalamu. Wengi hukwama katikati, na si kwa kukosa akili. Hukwama kwa ada, kwa upweke, na kwa simu za nyumbani zinazouliza kila mwezi, "Utamaliza lini uanze kututazama?" Kwa binti mzigo huongezeka, kwa kuwa watu humhesabia pia miaka ya kuolewa na kuzaa.

Wapo waliotutangulia katika njia hii. Kitivo cha Sheria kilikuwa cha kwanza kufunguliwa katika chuo cha Dar es Salaam, mwaka 1961. Katika chuo hicho, mwaka 1982, Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, alipata shahada ya uzamivu. Kitabu chake kilichotoka 1986 kinafuatilia sheria, dola na tabaka la wafanyakazi nchini mwetu tangu miaka ya 1920 hadi 1964. Humo manamba na makuli wanaonekana kama watu waliodai haki yao, si kama tarakimu. Msomi huyo huyo ndiye aliyeongoza Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi ya 1991 na 1992, iliyopita mikoani kuwasikiliza wananchi. Elimu ya juu kabisa ilirudi kijijini, ikaketi chini ya mti, ikasikiliza. Huo ndio mfano tunaotaka vijana wetu waufuate.

Nafasi za kuanza si chache kama zamani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992 ili watu wasome wakiwa makwao, na hapo jirani Mwanza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kinafundisha sheria. Zaidi ya hayo, mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Watahitajika wataalamu wa kuifanya lugha ya haki za kazi ieleweke kwa anayefanya kazi.

5. YATUPASA KUFANYA NINI?

Kanisa limesema juu ya kazi tangu barua ya Papa Leo XIII ya 1891, na Papa Yohane Paulo II alilirudia jambo hilo 1981: thamani ya kazi inatokana na mtu anayeifanya. Maandiko nayo yanaonya vikali dhidi ya kuulaza ujira wa kibarua maskini. Mafundisho hayo tunayajua. Tuyatie mikono na miguu.

Kwanza, tuandike. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila anayeajiri kibarua, hata wa siku moja, aandike jina, shamba, siku na ujira waliokubaliana, na kila mmoja abaki na nakala. Jumuiya ndogondogo iwe shahidi. Amri za kima cha chini cha mshahara hutaja kiwango cha saa na cha siku, si cha mwezi peke yake. Kwa hiyo hata kazi ya siku moja ina kipimo chake. Tusisahau kwamba wazee wa Kanda ya Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliweka watu wao wenyewe kusimamia mizani ya pamba, kwa kuwa walipunjwa. Kutokana na juhudi hizo ushirika ukakua, na mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria ukaundwa, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Wao walilinda mizani ya pamba. Sisi tulinde mizani ya siku ya kazi.

Pili, tumpokee mtafiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumweleze ukweli, pamoja na ule usiotupendeza: watoto walio chini ya miaka 14, umri ambao sheria ya 2004 inakataza kuajiri, wanaoachishwa masomo ili wachunge, na wachungaji wanaongoja ujira wa ndama kwa mwaka mzima. Lakini nasi tuna haki zetu. Atueleze anatafuta nini, aombe ridhaa, afiche majina ya wanaoogopa, na akimaliza arudi kutusomea alichokiona. Anayechukua maneno ya watu na kutoweka nayo amewafanyisha kazi bila ujira.

Tatu, tujue muda. Aliyeachishwa kazi isivyo haki anatakiwa kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30; kwa migogoro mingine ni siku 60. Wengi hupoteza haki kwa kungoja mwajiri apoe hasira. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Kila parokia ijitahidi kuwa na mtu aliyepata mafunzo hayo.

Nne, tumchangie mwanafunzi wa masomo haya kama tunavyomchangia mwingine yeyote, bila kumdai kwamba arudi na gari. Tumdai arudi na jibu.

Ndugu zetu, mashamba ya Simiyu yanavaa nchi. Pamba inayotoka hapa hupita mikono mingi kabla ya kuwa shuka na shati, na mikono ya kwanza kabisa ndiyo inayojulikana kidogo kuliko yote. Kijana anayejitolea miaka yake kuifanya mikono hiyo ijulikane katika sheria anafanya kazi yetu. Tusimwache peke yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni nani wanaofanya kazi ya ujira bila maandishi yoyote? Tuwataje kwa kazi zao, si kwa majina.

2. Tunapomwita jirani shambani, tunajuaje kwamba tunasaidiana, na tunajuaje kwamba tumemwajiri?

3. Sisi wenyewe tukiwa waajiri, ujira wa kibarua hulala kwetu siku ngapi? Kwa sababu gani?

4. Je, yupo kijana wetu, wa kiume au wa kike, anayesoma sheria? Jumuiya imemwuliza anahitaji nini?

5. Tuchague mtu mmoja wa kutunza daftari la kazi katika msimu ujao wa palizi. Atakuwa nani, na tutamsimamiaje?